Ilani ya Waliokataa Kuzika Gemu Zao

Ndugu wachezaji, makomredi wa padi na kibodi, popote mlipo!

Zama mpya zimeingia. Zimepita mlango wa uani, bila hafla ya uzinduzi wala mabango ya barabarani, zikiletwa na watu walioendelea kucheza gemu ambazo soko lilikwisha kuzisomea hitima. Watu hao ni sisi. Tuliambiwa gemu zetu zimekufa, tukaendelea kuzicheza. Tuliambiwa hakuna anayezitaka, tukatafutana mpaka tukajikuta umati. Leo tunatangaza mbele ya kila mwenye masikio kwamba ule utaratibu wa kale, wa muuzaji kupanga siku ya gemu kuzaliwa na siku ya gemu kufa, umekwisha. Hatumwombi mtu ruhusa ya kuumaliza. Umekwisha.

Tunaamini kwamba gemu hupata wafuasi wa kufa na kuzikana pale inapotupwa na waliopaswa kuilea, ikaokotwa na waliokwisha kuipenda. Mwezi wa Juni 1995 kampuni ya Nintendo ilipeleka Marekani gemu iitwayo EarthBound, kazi ya Shigesato Itoi, Mjapani aliyekuwa na jina kubwa kwao kwa kutunga maneno ya matangazo. Wakati ule gemu za kuigiza uhusika (RPG), kama hii, zilijaa mapanga na madragoni. Hii ilimleta mtoto mwenye kofia kichwani na gongo la besiboli mkononi, anayempigia simu baba yake ili hatua aliyofikia ihifadhiwe, na baba huyo, ambaye haonekani hata mara moja, humwekea fedha benki. Kampuni haikujua itaiuzaje. Ikatoa matangazo ya kujigamba kwamba gemu yenyewe inanuka, na kwenye magazeti ikaambatanisha karatasi za kukwangua zenye harufu mbaya kwelikweli. Marekani nzima zikauzwa nakala zipatazo 140,000. Wakubwa wakafunga jalada.

Wachezaji hawakulifunga. Walikua, wakakutana mtandaoni, wakajenga tovuti yao ya Starmen.net, wakapeleka Nintendo maombi yenye maelfu ya saini. Mwaka 2006 mwendelezo wa EarthBound, Mother 3, ukatoka Japani peke yake. Wakasubiri tafsiri ya Kiingereza, haikuja. Basi wakakaa kitako wakaitafsiri wenyewe. Kundi lililoongozwa na Clyde Mandelin, ambaye kutafsiri ndiyo kazi yake ya kila siku, likaimaliza mwaka 2008 bila kulipwa senti, na baadaye Mandelin akajitolea kuwapa Nintendo kazi hiyo bure. Mpaka tunaandika ilani hii, gemu hiyo haijawahi kuuzwa rasmi kwa Kiingereza, na watu wasio na idadi wamekwisha kuicheza kwa Kiingereza na kuililia. EarthBound ikarudishwa sokoni mwaka 2013. Na kijana mmoja aliyekulia katika baraza lile la mashabiki, Toby Fox, akatoa Undertale mwaka 2015, gemu ambayo nayo ina wafuasi wanaoijua neno kwa neno. Iliyoitwa maiti imezaa.

Wala tusiipite EarthBound kabla ya kusema juu ya pambano lake la mwisho, maana kwetu sisi ndipo palipo na katiba yote. Silaha zinashindwa. Binti aitwaye Paula, mmoja wa wenzake wa yule mtoto mwenye kofia, anaanza kuomba, na wale waliokutana nao njiani, mmoja baada ya mwingine, popote walipo, wanahisi jambo na kuwaombea hawa watoto. Dua zinaendelea kumdhoofisha adui. Wanapoisha wote waliomo ndani ya hadithi, anaitwa mtu mmoja wa nje: mchezaji mwenyewe, kwa jina lake, lile aliloulizwa huko nyuma akaandika na kusahau. Yeye ndiye anayekamilisha ushindi. Itoi aliyaweka haya ndani ya gemu mwaka 1994, ilipotoka Japani, kabla hajajua kwamba kazi yake ingeokolewa na watu wale wale iliowaita kwa majina.

Tunakataa kupima gemu kwa mauzo ya wiki ya kwanza. Kipimo hicho kimeshapotosha mara nyingi mno kuendelea kuheshimiwa. Tarehe 16 Novemba 2004 studio ya Troika, ya California, ilitoa Vampire: The Masquerade – Bloodlines siku ile ile iliyotoka Half-Life 2, gemu iliyokuwa ikisubiriwa na dunia nzima. Kuichagua siku hiyo ni kama kufungua kioski chako mlangoni pa soko la Kariakoo asubuhi ya sikukuu na kutegemea kuonekana. Tena ilitoka mbichi, imejaa hitilafu, na kulikuwa na mahali inagoma kabisa kusonga mbele. Februari 2005 Troika ikafungwa. Wahasibu wakatikisa vichwa.

Lakini waliokuwa wameingia katika usiku wa Los Angeles, mji wa gemu hiyo, hawakutaka kutoka. Walikuta wahusika wanaoongea kama watu wenye siri, si kama vibao vya maelekezo. Walikuta ukiamua kuwa vampaya wa ukoo wa wendawazimu, maneno yote unayotamka yanageuka, na unaweza kujikuta ukibishana na alama ya barabarani. Kitu cha namna hiyo hakiachwi kioze. Werner Spahl, mkemia wa Ujerumani, alipokea kazi ya kutengeneza viraka vya kuirekebisha gemu hiyo iliyokuwa imeanzishwa na mwingine, na ameishikilia mwaka hadi mwaka tangu wakati ule. Akaziba palipotoboka. Akafukua vipande ambavyo watengenezaji walivikata kwa kukosa muda na kuviacha vimelala ndani ya mafaili, akavirudisha mahali pake. Leo duka la GOG linaiuza gemu hiyo ikiwa tayari na kiraka chake ndani. Lizingatieni hilo, makomredi: bidhaa inayoingiza fedha leo imesimama kwa jasho la mtu ambaye hakuna kampuni iliyomwajiri kuifanya kazi hiyo.

Tunaamini katika kasoro. Gemu iliyonyooshwa kila mahali hukupa kila kitu, ukaimaliza, ukaiweka, ukasahau hata jina la shujaa. Gemu yenye pengo inakuachia kazi, na anayefanya kazi ndani ya nyumba huanza kuiona kuwa ni yake. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn na Zach Adams, walianza kuigawa Dwarf Fortress bure mwaka 2006. Skrini nzima ilikuwa herufi na alama tupu. Kijeba ni alama, mto ni alama, paka ni herufi. Kujifunza kuicheza kulimtoa mtu jasho. Wachezaji wakaandika miongozo, wakasimuliana jinsi ngome zao zilivyoangamia kwa mafuriko, kwa njaa, kwa kijeba mmoja aliyeshikwa na huzuni, na kuanguka kwa ngome kukawa ndiyo simulizi tamu kuliko ushindi. Kwa miaka mingi ndugu hao waliishi kwa michango ya wachezaji wao. Jumba la sanaa la Museum of Modern Art, New York, liliiingiza gemu hiyo katika mkusanyiko wake mwaka 2012. Desemba 2022 ilipouzwa hatimaye ikiwa na picha, walionunua walikuwa mamia ya maelfu, na miongoni mwao walikuwamo waliokwisha kuicheza bure. Walilipa kwa sababu walijua wanamlipa nani.

Tunaamini pia kwamba sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki tulikuwa katika harakati hii kabla haijaandikiwa ilani. Nani asiyekijua kibanda cha gemu? Benchi la mbao, televisheni imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo, padi mbili ambazo maandishi ya vitufe yamekwisha kufutika kwa vidole, na sheria moja isiyohitaji kubandikwa ukutani: anayefungwa anaachia padi. Sony iliacha kutengeneza PlayStation 2 mwanzoni mwa mwaka 2013. Mitaa yetu haikupokea taarifa hiyo. Mashine ziliendelea kufunguliwa, kufutwa vumbi, kubadilishwa lenzi, kufungwa, kuwashwa. Mafundi wetu ndio waliokuwa idara ya huduma ya baada ya mauzo kwa kampuni ambayo haikuwahi kuwajua. Watoto waliocheza gemu ya San Andreas walibeba maneno ya siri ya kubonyeza kwenye padi yakiwa yameandikwa nyuma ya daftari la hesabu, wakabadilishana kwa siri, na aliyeyajua kwa kichwa alikuwa mtu mkubwa mtaani.

Na nani alitufundisha kutengeneza viraka, kama si mpira? Kwenye gemu ya mpira ya PES 2013 Chelsea iliitwa London FC na Arsenal ikaitwa North London, kwa kuwa leseni za majina hazikununuliwa. Hilo lingeweza kuwaudhi watu wakaondoka. Badala yake watu walikaa na kubadilisha jina moja moja, jezi moja moja, nembo moja moja. Huko Brazili kazi hiyo ilikua ikawa Bomba Patch, gemu ya mpira ya PlayStation 2 inayosasishwa na mashabiki kila msimu, na usajili mpya na yote, muda mrefu baada ya mashine yenyewe kustaafishwa. Mbrazili na mtu wa mtaa wetu wa Manzese hawajawahi kukaa kikao kimoja. Wamefikia uamuzi mmoja.

Tunakataa gemu inayouzwa ikiwa na kamba mkononi mwa muuzaji. Kampuni ya Ubisoft ilitoa The Crew mwaka 2014, gemu ya kuendesha magari kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine. Tarehe 31 Machi 2024 ilizima seva. Hata aliyependa kuendesha peke yake barabarani, bila kumgusa mtu, alikuta gemu haifunguki, kwa kuwa haikuweza kwenda hatua moja bila seva hizo. Diski ipo, risiti ipo, gemu haipo. Kutokana na tukio hilo Mmarekani Ross Scott akaanzisha kampeni ya Stop Killing Games, na mwaka 2025 ombi la wananchi wa Umoja wa Ulaya likavuka saini milioni moja. Wanachodai si makuu: kampuni ikichoka, iache gemu katika hali ya kuchezeka. Tunawaunga mkono kwa moyo wote na tunadai hivyo hivyo huku kwetu, ambako bando hukatika na umeme hukatika, na gemu inayotaka intaneti kila dakika huwa imetunyima haki tangu siku ya kwanza.

Tunakataa kisingizio kwamba haiwezekani. Gemu ya mtandaoni ya City of Heroes ilifungwa tarehe 30 Novemba 2012 huku wachezaji wake wakikesha ndani mpaka skrini zilipozimika. Mwaka 2019 ikafahamika kwamba kulikuwa na seva ya siri iliyokuwa ikiendelea kimyakimya. Msimbo wa gemu ukatoka hadharani, mashabiki wakafungua milango kwa wote. Januari 2024 kampuni yenye haki miliki, NCSoft, ikawapa leseni mashabiki wa seva iitwayo Homecoming. Iliwezekana. Na id Software, iliyotoa Doom mwaka 1993, ilitoa msimbo wake hadharani mwaka 1997, na mpaka leo watu hawajaacha kuichezesha katika vifaa ambavyo aliyevitengeneza hakuwahi kuota kwamba vingecheza gemu. Kampuni ile haikufilisika kwa ukarimu huo. Ilijipatia jina lisilofutika.

Kwa hiyo tukisikia kwamba, kwa uchunguzi wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023, gemu 87 katika kila 100 zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazinunuliki tena madukani, hatushtuki na hatulii. Hayo ni matokeo ya utaratibu wa kale, na utaratibu wa kale tumekwisha kuupa talaka. Tunauliza swali moja tu: nani anazo nakala, na nani anajua kuzitengeneza?

Tunakataa vilevile mapenzi ya kupikwa. Siku hizi kampuni hutangaza gemu kuwa kipenzi cha mashabiki hata kabla haijatoka, huuza sanamu na fulana za idadi ndogo, na kujaribu kununua kwa miezi mitatu kile ambacho EarthBound ilikijenga kwa miaka. Haiwezekani. Shabiki wa namna yetu hatokani na bajeti. Hutokana na rafiki aliyekushika mkono na kukuambia, keti hapa, vumilia saa ya kwanza, nitakueleza.

Na ndani ya nyumba yetu tunakataa kiburi. Yapo makundi ya mashabiki yaliyogeuza mapenzi kuwa polisi: yanamdhihaki mgeni kwa kuchelewa kuijua gemu, yanawatukana watengenezaji kwa sababu sehemu ya pili haikufanana na ya kwanza, yanamtolea vitisho mtu aliyechora silaha kwa rangi wasiyoipenda. Hao si wenzetu, hata wakizijua siri zote. Gemu iliyookolewa na mkono wa ukarimu haiwezi kulindwa kwa matusi. Mtunzi aheshimiwe, mtunzi alipwe. Tunapodai gemu zisife hatudai kazi ya mtu iporwe wakati angali anaiuza. Mgeni akaribishwe kama alivyokaribishwa kila mmoja wetu kwenye benchi la kibanda, ambako hakuna aliyewahi kuulizwa cheti.

Tunaamini katika kesho, na tunaiona waziwazi. Tunaiona siku ambayo kila gemu ikifikia mwisho wa mauzo yake itaachiwa wachezaji pamoja na funguo zake. Tunaiona maktaba ya mkoa yenye rafu ya riwaya na pembeni yake mashine za zamani zinazowaka, na mtoto wa darasa la sita anakaa kucheza kazi iliyotungwa kabla mama yake hajazaliwa, na mkutubi anajua kumweleza ilitungwa na nani. Tunawaona mafundi wa vibanda wakialikwa vyuoni kufundisha walichojifunza kwa bisibisi.

Tunaiona siku ya Kiswahili. Gemu kubwa nyingi hutoka kwa lugha kumi na zaidi na yetu haimo, ingawa inazungumzwa kutoka Lamu hadi Lubumbashi. Tumengoja nafasi hiyo kwa adabu mno. Mashabiki wa Mother 3 hawakuwa na idara wala fungu la fedha. Walikuwa na mfasiri mmoja hodari, waandishi wachache wa programu na uvumilivu. Sisi tuna waandishi, tuna washairi, tuna vijana wanaoandika programu kutoka Kigoma hadi Muscat. Tunawaona wahusika wakisalimiana kwa shikamoo na marahaba, wakitaniana kama wanavyotaniana watani wa jadi. Tunamwona adui akitamba kwa tarbia kabla ya pambano. Tunaona maelezo ya silaha yakiandikwa na mtu anayejua tofauti ya panga na jambia. Tafsiri kama hiyo haitaombwa kwa kampuni. Itawekwa mezani ikiwa tayari, kisha kampuni ichague kama inataka kuaibika.

Na tunaziona gemu zetu wenyewe, za kutungwa hapa, ambazo pengine hazitauza wiki ya kwanza, wala ya pili. Acheni zisiuze. Zikiwa na kitu ndani yake ambacho hakipatikani kwingine, tutakuwepo sisi, tumeketi, tunangoja kuziokota.

Makomredi, harakati hii haina kadi ya uanachama, haina mwenyekiti, haina ada. Ina kazi, na kazi imegawanyika hivi. Mwenye mashine ya zamani aitoe kabatini aiwashe, na kama haiwaki aipeleke kwa fundi wiki hii. Mwenye diski azinakili kwa matumizi yake kabla fangasi hawajazila. Anayejua kuandika programu achague gemu moja iliyovunjika na aanze kuiziba, tundu moja kwa wakati. Mwenye Kiswahili kizuri amtafute huyo wa programu. Aliyeshuhudia vibanda vya kwanza vya mtaa wake ayaandike anayoyakumbuka: nani alileta mashine, mechi ililipiwa kiasi gani, nani hakufungika. Mwenye sauti bungeni au kwenye baraza la watumiaji wa bidhaa aulize ni kwa sheria gani kitu kilicholipiwa kinazimwa kutoka mbali.

Na wewe ambaye huna lolote katika hayo, chagua gemu moja unayoipenda ambayo hakuna anayeitaja tena. Mwite mtu mmoja. Mpe padi ya kwanza, wewe shika ya pili.